Namba ya siri ibaki siri: vifaa vya kuvaa vya bei nafuu kwa mteja asiyeona

 Leo tunazungumza na wateja wetu wasioona na wale wenye uoni hafifu, kuanzia Mtwapa, Kilifi, Watamu na Gede mpaka Malindi. Tunazungumza pia na ndugu, majirani na mawakala wanaowahudumia kila siku. Kama unasomewa makala haya, msomaji wako asome polepole. Kuna hatua za kufanya.

Tuanze na mfano. Mama mmoja asiyeona anauza viazi karai na bajia jioni, kando ya barabara Malindi. Mteja anakula, anashiba, anasema: "Mama, nimetuma mia na hamsini." Simu inalia. Mama anajua kuna meseji imeingia, lakini haijui ni ya nini. Anamwita kijana wa boda aliye karibu: "Mwanangu, hebu nisomee. Imeingia?" Kijana anasoma, anasema imeingia, mambo yanaendelea.

Mwisho wa mwezi mama anataka kutuma karo. Kijana yule yule anashika simu, anafika mahali pa namba ya siri, anauliza: "Ni ngapi, mama?" Mama anaitaja kwa sauti, na watu wamesimama pale wakisubiri viazi.

Sasa, kijana huyu ni mwaminifu. Hatusemi mwizi. Shida ni kwamba mwaka ukiisha namba hiyo inajulikana na yeye, na binti wa jirani, na mpwa aliyekuja likizo, na labda mtu ambaye alikuwa amesimama tu akingoja chakula. Siku Sh2,000 zikikosekana, mama hajui amuulize nani. Akimuuliza mmoja, huyo anaona ameitwa mwizi. Pesa zimepotea, na undugu nao umeingia doa.

Kwa hivyo somo letu la leo ni hili: ukiwa na pesa kidogo za kununua kifaa cha kukusaidia, nunua kwanza kile kinachokurudishia siri yako. Na mara nyingi kifaa hicho si miwani ya ajabu. Ni kitu cha bei ndogo kinachokaa sikioni.

Kwa nini tunasema "vya kuvaa"

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, pesa za simu hapa Kenya zimejengwa juu ya maandishi. Menyu ni maandishi. Meseji ni maandishi. Jina la unayemtumia ni maandishi. Anayeona haoni hata kwamba hilo ni jambo. Asiyeona analazimika kuazima macho ya mtu kila siku.

Na si watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 330,000 nchini, wenye umri wa miaka 5 na kuendelea, walio na ulemavu wa kuona. Duniani, Shirika la Afya Duniani linasema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona la kiwang'o kimoja au kingine, na angalau bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Ndiyo maana tunaanza na ushauri usio wa pesa: kama hujawahi kupimwa macho, pimwa kwanza. Mtoto wa jicho, kwa mfano, hutibiwa kwa upasuaji. Usinunue kifaa cha kuishi na tatizo ambalo daktari angeliondoa.

Kama kifaa unakihitaji, kwa nini cha kuvaa? Kwa sababu ya mikono. Mkono mmoja umeshika fimbo nyeupe. Wa pili una kikapu, au mtoto, au nguzo ya tuktuk. Simu ikihitaji mkono wa tatu, utampa mtu akushikie. Kifaa kinachokaa sikioni, mkononi au kifuani kinakuachia mikono yako.

Tutavipitia kwa mpangilio wa bei, kuanzia chini.

Sikioni: hapa ndipo pa kuanzia

Simu nyingi za Android zinakuja na programu inayosoma skrini kwa sauti. Inaitwa TalkBack, na huilipii chochote. iPhone nazo zina ya kwao, VoiceOver. Watu wengi wana simu hizi mfukoni na hawajui kwamba zinaweza kusema.

Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack, uiwashe. Mara ya kwanza fanya hivi ukiwa na mtu anayeona, kwa sababu ikishawashwa simu inabadilika tabia:

1. Ukigusa kitu mara moja, simu inakitaja tu. Haikifungui.
2. Ukitaka kukifungua, gusa mara mbili haraka, popote kwenye skrini.
3. Ukipitisha kidole kimoja kwenda kulia, unasogea kwenye kitu kinachofuata. Kwenda kushoto, unarudi nyuma.
4. Ikikusumbua, kwenye simu nyingi unaweza kuizima kwa kubonyeza na kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti pamoja kwa sekunde chache. Njia hii ya mkato huenda ikahitaji kuwashwa kwanza kwenye Mipangilio, basi muombe mwenzako aiwashe siku hiyo hiyo.

Kuhusu lugha: sauti ya Google inayosoma maandishi ina Kiswahili. Ukisomewa meseji ya Kiswahili na sauti ya Kiingereza, utasikia maneno yamepindwa mpaka huelewi kitu. Badilisha sauti kwanza kabla ya kusema kwamba programu ni mbaya.

Sasa tuje kwenye hatari. Simu ikisoma kwa spika, imemsomea kila mtu. "Umepokea shilingi elfu nane." Pale sokoni Kilifi, sauti hiyo inasikika meza tatu mbele. Umeondoa shida ya kusomewa, umeleta shida ya kutangaziwa.

Ndipo tunapofika kwenye visikizi, vile vya kuingiza sikioni. Vya waya, vya kawaida, ni kifaa cha kuvaa cha bei ya chini kuliko vyote tutakavyotaja leo. Shilingi mia chache zinatosha. Ukivichomeka, simu inakwambia wewe peke yako. Tunapendekeza hivi:

Vaa sikio moja tu. Mtu asiyeona anavuka barabara kwa masikio. Ukiziba yote mawili, tuktuk huisikii, na boda inayokuja upande usio wake huisikii pia.

Vya waya au vya Bluetooth? Vya waya havihitaji chaji na havipotei kirahisi. Vya Bluetooth havina waya wa kunasa kwenye kikapu, lakini chaji ikiisha katikati ya kazi, sauti huenda ikarudi kwenye spika ya simu, na hapo siri imetoka. Ukitumia vya Bluetooth, chaji kila usiku kama unavyochaji simu. Kabla ya kununua vya waya, hakikisha simu yako ina tundu lake.

Kuna pia aina inayokaa juu ya mfupa wa shavu, mbele ya sikio, na kupitisha sauti kwenye mfupa. Masikio yote mawili yanabaki wazi. Ni vizuri sana kwa mtu anayetembea peke yake, ila bei ni kubwa zaidi. Na ukweli wa hapa kwetu: kusi ikivuma, au ukiwa kando ya genereta, sauti yake inamezwa. Vijaribu nje, si ndani ya duka lenye utulivu.

Chumvi ya bahari na jasho ni maadui wa vifaa hivi vyote. Ukifika nyumbani, vifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kuviweka.

Kuingiza namba ya siri bila mtu kujua

Hapa ndipo tunaomba uweke umakini wote.

Kwenye simu janja, vaa kisikizi kwanza ndipo ufungue menyu ya pesa. TalkBack ina chaguo la kuficha skrini, na iPhone ina la kuizima kabisa huku simu ikiendelea kusema. Lisake ulizoee. Skrini ikiwa nyeusi, anayechungulia begani haoni kitu.

Kabla ya kuingiza namba yako halisi, fanya jaribio. Mwambie mtu unayemwamini akae hatua moja kutoka kwako. Andika namba ya kubuni, 1-2-3-4, mahali pengine popote panapoomba nywila. Muulize: "Umesikia? Umeona?" Akisema hapana, uko tayari.

Menyu ya nyota na reli ina tabia moja mbaya: hukatika ukichelewa. Kumsikiliza msomaji wa skrini akimaliza machaguo yote saba kunachukua muda, na unaweza kutupwa nje kabla hujachagua. Dawa ni mbili. Moja, jifunze kwa kichwa namba za huduma unazotumia sana. Ukijua kutuma pesa ni chaguo la ngapi, huna haja ya kusubiri lisomwe. Mbili, kama simu yako inakubali programu yetu, itumie badala ya menyu, maana huko unapata nafasi ya kusikiliza kwa utulivu.

Na mwenye kabambe je? Wengi wenu mnatumia simu hizo, na wala si vibaya. Kabambe haina msomaji wa skrini, lakini ina kitu ambacho simu janja haina: vitufe vya kugusa. Pitisha kidole katikati. Kitufe cha 5 kina kinundu kidogo, au vistari viwili pembeni. Ukishakipata, umepata vyote: 2 iko juu yake, 8 iko chini yake, 4 kushoto, 6 kulia, na 0 iko chini ya 8. Fanya mazoezi simu ikiwa imezimwa, mara ishirini kwa siku, kwa wiki moja. Halafu msaidizi akufikishe tu mahali pa namba ya siri, akupe simu mkononi, wewe umalizie. Yeye ameazima macho yake, na siri imebaki yako.

Tahadhari: baadhi ya kabambe hutaja kwa sauti kila namba unayobonyeza. Muombe mtu akuzimie sauti hiyo kwenye mipangilio.

Mkononi: saa inayosema, saa inayotetemeka, saa ya nukta nundu

Saa inayosema ni ya kawaida: unabonyeza, inakutajia saa. Haina uhusiano na pesa zako moja kwa moja, lakini kwa mfanyabiashara saa ni pesa. Nyingi husema Kiingereza, basi isikilize kabla ya kulipa.

Saa za kutetemeka ni zile za kuunganisha na simu kwa Bluetooth. Meseji ikiingia, mkono unatetemeka. Faida yake ni kwamba hata sokoni penye kelele unajua kitu kimeingia. Upungufu wake ni kwamba hukuambii ni nini kimeingia. Mtetemo wa pesa na mtetemo wa salamu kutoka kwa shangazi ni ule ule. Usimkabidhi mtu mzigo kwa sababu mkono umetetemeka.

Ya tatu ni saa ya breli, au nukta nundu. Inayojulikana zaidi ni ya Dot, kampuni ya Korea Kusini. Juu yake kuna vyumba vinne vya breli, kila kimoja kina nukta sita, jumla nukta 24 zinazopanda na kushuka. Unaweka kidole, unasoma herufi nne, zinabadilika, unasoma nne zinazofuata. Hapa Kenya saa hiyo iliwahi kutangazwa na Safaricom kwa ajili ya wateja wa M-Pesa wasioona, ili wasome kwa kidole kiasi kilichoingia. Kwa siri, hakuna kinachoipita, maana haitoi sauti hata kidogo, na asiyesikia vizuri pia anaitumia. Lakini ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa kama dola 300 za Marekani, na inamfaa anayejua breli. Kama ulisoma Likoni au Thika katika shule za wasioona, vidole vyako viko tayari. Kama macho yalipotea ukubwani, utahitaji kujifunza breli kwanza. Usinunuliwe zawadi ambayo huwezi kuisoma.

Kifuani na usoni: vihisi na miwani

Fimbo nyeupe inakuonyesha kilicho chini: mtaro, ngazi, jiwe, mchanga ulioporomoka. Haikuonyeshi kilicho juu ya kiuno. Na miji yetu imejaa vitu vya juu ya kiuno: bati la kibanda lililochomoza, kioo cha pembeni cha tuktuk, tawi la mkorosho, kibao cha duka, mbao zilizotokeza nyuma ya mkokoteni. Wasioona wanalijua hili kwa makovu ya kipaji cha uso.

Ndiyo kazi ya kihisi cha mawimbi ya sauti. Kinavaliwa kifuani, kwenye kofia au mkononi, au kinafungwa kwenye fimbo. Kinatoa mlio usiosikika na sikio la mtu, kisha kinangoja mwangwi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kizuizi kikiwa mita 2 mbele yako, mlio unaenda na kurudi mita 4, na mwangwi unafika baada ya kama sehemu 12 za elfu moja za sekunde. Kifaa kinapiga hesabu, kinatetemeka. Ukikaribia, kinatetemeka zaidi. Popo wengi hufanya hivyo hivyo usiku.

Kihisi chenyewe ni cha bei ndogo. Kile cha kawaida ambacho wanafunzi wa elektroniki hukitumia, chenye kupima kutoka sentimita 2 mpaka kama mita 4, hupatikana kwa shilingi mia chache. Kinachopandisha bei ni betri, kasha lisiloingia maji, na mtu wa kukirekebisha kikiharibika. Hapa Kenya kampuni ya Hope Tech Plus ilibuni kifaa cha aina hii kinachoitwa Sixth Sense. Ukisikia fundi au chuo karibu nawe kinatengeneza, uliza maswali matatu: betri inakaa muda gani, ikinyeshewa inakuwaje, na ikiharibika nani anaitengeneza.

Na usiache fimbo. Kihisi cha kifuani hakioni mtaro. Fimbo haioni bati. Vinatembea pamoja.

Juu kabisa kuna miwani na kamera za kuvaa zinazosoma maandishi na kueleza kilicho mbele. OrCam MyEye, inayobandikwa kwenye miwani, bei yake imekuwa maelfu ya dola. Kuna nyingine za bei ya chini kidogo zinazotegemea simu na intaneti. Ni vifaa vizuri, hatuwezi kuvidharau. Ila kwa mtu mwenye Sh5,000 leo, haviko kwenye orodha. Kuna njia ya bure inayokaribia: programu ya Be My Eyes, iliyoanzia Denmark na kutoka 2015, inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayekusomea unachomwonyesha, lebo ya dawa, tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Itumie kwa lebo. Usiitumie kwa skrini ya pesa. Mtu wa kujitolea ni mgeni kwako, na kamera haichagui cha kuona.

Meseji ya uongo husikika kama ya kweli

Hili tunaliweka peke yake kwa sababu kifaa hakilimalizi.

Tapeli akikutumia meseji ya kubuni, "Umepokea Sh4,500," anayeona huweza kugundua kwamba imetoka kwa namba ya mtu wa kawaida. Wewe unayesomewa na simu, unasikia sauti ile ile, maneno yale yale, kwa ujasiri ule ule. Msomaji wa skrini anasoma yaliyoandikwa. Haamui kama ni kweli.

Jizoeze mambo matatu:

1. Sikiliza jina la aliyetuma kabla ya ujumbe wenyewe. Likiwa ni namba ya simu badala ya jina la huduma, shaka.
2. Usiamini meseji, amini salio. Mteja akisema ametuma, angalia salio lako kabla ya kukabidhi mzigo. Ndiyo maana unapaswa kulijua salio lako la mwisho kichwani.
3. Akikupigia mtu akisema "nimekosea, nirudishie," usirudishe chochote wewe mwenyewe. Mwambie apige simu kwa huduma kwa wateja. Na sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza namba yako ya siri. Hata sauti ikiwa tamu namna gani.

Kupata kifaa bila kubanwa na deni

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo vya ulemavu wake, na haki ya kutumia breli. Haki hiyo ina mlango wake: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hatua ya kwanza ni kutathminiwa na daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ndipo usajiliwe. Ukishasajiliwa unaweza kuomba msaada wa vifaa kupitia hazina ya maendeleo ya watu wenye ulemavu. Hatuahidi kwamba utapata kesho, foleni ipo. Lakini asiyesajiliwa hata kwenye foleni hayumo.

Kama ndugu yako yuko Ghuba au Ulaya na anataka kukutumia kifaa, aulize kwanza kuhusu ushuru. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Msamaha huo huombwa mapema, si baada ya mzigo kukwama.

Na ukinunua mwenyewe, piga hesabu hii. Kifaa ni Sh3,000. Muuzaji anakupa kwa mkopo: weka Sh500, kisha Sh40 kila siku kwa siku 90. Inasikika nyepesi. Sh40 mara 90 ni Sh3,600. Ongeza 500, ni Sh4,100. Umelipa Sh1,100 zaidi. Sasa chukua Sh40 hizo hizo, uziweke kila jioni kwenye akiba yako ya simu. Siku ya 75 una Sh3,000 kamili, na hudaiwi na mtu. Kama kwenye chama chenu kuna mwenzenu asiyeona, zamu yake ya mchezo inaweza kulenga hapo.

Kwa ndugu na mawakala

Wakala wetu, akija mteja asiyeona na msindikizaji, zungumza na mteja. "Shikamoo mama, unataka kutoa ngapi?" Usimuulize msindikizaji "anataka ngapi?" kama kwamba mwenyewe hayupo.

Mtajie kiasi kwa sauti ya chini. Hesabu noti moja moja mkononi mwake na uitaje kila moja. Noti zilizotolewa 2019 zina mistari midogo ya kugusika pembeni kwa ajili ya wasioona. Mpe muda aiguse, hata foleni ikinung'unika. Na akianza kukutajia namba yake ya siri, mkatize kwa adabu: "Hapana mama, hiyo niache nisiijue. Shika simu, bonyeza mwenyewe."

Ndugu, msaada bora si kumfanyia. Ni kumwekea TalkBack, kukaa naye jioni mbili tatu akijifunza, na kuvumilia akikosea.

Mazoezi ya wiki hii

Siku ya 1: washa TalkBack, au tafuta kinundu cha kitufe cha 5.
Siku ya 2 na ya 3: fungua na ufunge meseji tano bila kusaidiwa, kisikizi kikiwa sikioni.
Siku ya 4: fanya jaribio la namba ya kubuni na mtu aliyekaa karibu.
Siku ya 5: angalia salio lako mwenyewe.
Siku ya 6: badilisha namba ya siri. Ndiyo, ile ambayo watu wanne wanaijua. Usiwaeleze kwa ubaya. Sema tu, "Sasa naweza mwenyewe."
Siku ya 7: tuma Sh50 kwa mtu wako, peke yako, mwanzo hadi mwisho.

Turudi kwa mama wa viazi. Kisikizi kimoja kiko chini ya mtandio, sikio la kushoto. Mteja anasema ametuma mia na hamsini. Mama anasikiliza kidogo, anahakikisha salio, anasema: "Imefika, ahsante mwanangu." Kijana wa boda bado yuko pale pale, bado ni rafiki. Siku hizi anakuja kula tu.

Tukutane somo lijalo.